Zima Gari Tusalimiane

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya mgodi mmoja upande wa Geita, nilishika spana kabla sijashika mkono wa mtu. Msimamizi wa Karakana akaninyang'anya.

"We binti, unampapasa mgonjwa hujamjulia hali? Salimia watu kwanza, injini ipoe."

Nilidhani ananifundisha adabu tu. Kumbe salamu zetu za Kisukuma, zinazoulizia watoto, ng'ombe na mvua, zilikuwa sehemu ya ukaguzi. Injini ya moto huficha maradhi. Iliyopoa, ukiiwasha, itakutolea moshi wa buluu kama inakula oili, na utasikia vyuma vinavyogongana kabla oili haijapanda.

Baadaye nilihamia gereji moja ya Maganzo, mji wa wanunuzi wa almasi, chini ya Fundi Mkuu aliyeyapenda magari ya kifahari kuliko chakula. Alinifundisha kuvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, kwa sababu muuzaji huosha zulia lakini hakumbuki mkanda. Ukiukuta na alama ya tope, gari hilo liliwahi kuzama. Pale nilicheka sana. Mnunuzi wa almasi hulimulika jiwe asubuhi nzima, akiligeuza na kuligeuza, kisha jioni ananunua gari kwa kupapasa ngozi ya viti!

Kati ya magari yote niliyokagua, moja bado linanijia akilini. Mama Kulwa, mfanyabiashara wa mpunga pale Tinde, alitaka gari kubwa la kifahari, la zamani. Wenye midomo walisema anaringa. Mumewe, Baba Kulwa, alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori la mpunga akaumia mgongo, na kila alipopelekwa kliniki Mwanza kwa gari la kawaida, alilia njia nzima. Safari ya mwisho alikuwa amekataa kwenda. Mama Kulwa alikuwa amesikia kuna magari yasiyorusha mtu, na akiba yake ilitosha gari moja tu, ndipo akaniita nimkagulie.

Muuzaji, kijana wa Kahama mwenye miwani myeusi, alifika nyumbani kwa Mama Kulwa injini ikiunguruma.

"Ingieni tu, mama zangu, kiyoyozi kinapuliza."

"Mwanangu," nikamwambia, "huku hatusalimiani juu ya muungurumo. Zima gari tusalimiane."

Akasita, lakini akazima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwangaluka mhola, umeamka salama? Mama yako hajambo? Na wakwe? Kahama mvua imenyesha?"

Wakati huo Baba Kulwa aliomba kukijaribu kiti cha nyuma, tukampandisha taratibu. Nami nikaendelea na salamu. Nilipofika kwa ng'ombe wa wajomba zake, kona ya nyuma kushoto ya gari ikaanza kushuka, polepole.

Magari ya aina hiyo hayakai juu ya springi. Hukaa juu ya mifuko ya mpira iliyojazwa upepo, na pampu huijaza injini ikiwa inawaka. Mfuko ukivuja, ukizima injini tairi humezwa na bodi. Mafundi husema gari limelala.

Kijana akavua miwani. "Hapa pana mteremko, mama."

"Mteremko umekuja na wewe?"

Nikaingia uvunguni na maji ya sabuni. Povu likachemka kwenye mikunjo ya mfuko wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mzima, na chesisi haikuwa na kutu. Siwezi kuficha, nilifurahi. Kutafuta ugonjwa wa gari hakujawahi kunichosha.

Sasa nimestaafu, magoti hayanikubalii uvungu, na vijana wakiniletea picha za magari kwenye simu huniuliza kama siku ile nilimkataza Mama Kulwa asilinunue lile. Nilikuwa nimekusudia hivyo hasa. Nilitoka chini nikiwa nimeshafungua mdomo, naye akaweka kidole kwenye midomo yake.

Baba Kulwa, ambaye tangu aanguke alikuwa akikesha ameegemea ukuta kwa maumivu, alikuwa anakoroma, kichwa kimezama kwenye kiti.

"Mama Nkwimba," akaninong'oneza, machozi yakimtoka, "nimeona gari imelala. Na mume wangu amelala. Niambie tu dawa ya gari."

Tukamwita kijana pembeni, tukaanza kupatana bei upya ili ibaki ya kununulia mfuko mpya, wote watatu kwa kunong'ona.