Gia Niliyoikaza Mwenyewe

Baiskeli aliniachia baba, nikaja nayo kisiwani Nosy Be kutoka Mahajanga. Kishikio cha gia hakikuushika usukani, kilizunguka tu, na waya wake ulilegea, mnyororo ukaruka kila nikipanda mlima. Nikakizungushia kipande cha tyubu, nikauvuta waya kwa koleo, nikakaza skrubu. Mikate yangu ikawa inafika soko la Andoany ingali moto.

Mume wangu aliponiacha, nyumba ilibaki yangu, ndiyo desturi yetu Wangazija. Mume huondoka na nguo zake tu. Wangu akaondoka na baiskeli pia.

“Bwana, hiyo yangu!”

“Nyumba ya mwanamke, baiskeli ya mwanamume. Mikate tia kichwani, bibi.”

Wazee wakamuunga mkono. Majina yao yote nayakumbuka, siyataji. Baiskeli ilipokuwa mbovu, hakuna aliyesema ni ya mwanamume.