Fungu la Tatu

Juzi buchani, hapa Mzumbe, niliagiza nusu kilo kisha nikampa muuza nyama mgongo. Akaacha kukata. "Dada, wenzako wanakodolea mzani macho, wewe unageuka? Nikikupunja je?" Nilicheka tu. Tangu hapo naandika na kufuta, maana napenda kila kitu kikae sawa, na kisa hiki cha utotoni hakikai.

Kule milimani kwa bibi hatukununua nyama ya kupima. Kuteremka mjini kufuata kilo moja ilikuwa hasara, nauli peke yake ilitosha mboga ya siku kadhaa. Kwa hiyo nyumba sita zilichanga, mbuzi akachinjwa asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala migombani. Mchinjaji alipanga mafungu sita juu ya majani ya mgomba, na ili asionekane anapendelea, mtoto mmoja aligeuzwa kisogo ataje kila fungu ni la nani. Siku hiyo mtoto alikuwa mimi. Nilikuwa nimekariri nyumba zote kwa vidole siku mbili nzima, nisije nikarudia moja.

"Hicho kisogo hakina macho kweli?" jirani yetu alinitania. Binti yake alikuwa amejifungua wiki ile.

Mchinjaji akagusa fungu la kwanza kwa ncha ya kisu. "Hili la nani?" Nikataja nyumba ya fundi cherehani. La pili, ya mwalimu. La tatu, kabla sijafungua mdomo, bibi akakohoa. Mara moja tu, kikohozi kikavu.

"La bibi!" nikasema upesi. Nilidhani ananionyesha lililonona. Nilijua ni wizi, na nikaiba.

Nilipogeuka, letu lilikuwa shingo, kwato na mbavu mbili. Paja lilikuwa fungu la mwisho, la jirani. "Mama wee!" alipiga vigelegele. "Leo mzazi wangu atakunywa supu ya maana!"

Njiani nikauliza, "Bibi, mbona ulikohoa?"

"Moshi, mjukuu wangu."

Hapakuwa na moto. Hakuna aliyekuwa amewasha hata kijinga kimoja cha kuni.

Shingo ile aliichemsha kwa ndizi mbichi na ndimu mpaka nyama ikaachana na mfupa, na kesho yake akaongeza maji kwenye mifupa ileile. Harufu yake naijua hata leo. Ninachokosa ni maana. Alikuwa akinikataza nisilitaje letu? Alitaka paja liende kwa mzazi? Au koo lilimwasha tu? Sikumuuliza tena, naye sasa hayupo. Hata mafungu hayapangwi tena. Bodaboda inapandisha nyama mpaka mlangoni, kila nyumba na robo yake. Jirani bado yupo, na kila nikimpa shikamoo husema kisogo changu kina baraka. Sijawahi kumwambia kwamba fungu la tatu nililitaja kwa hila, nikitaka kuwapunja wote, yeye na mzazi wake.

Basi juzi pale buchani, muuza nyama alinikabidhi mfuko. Ulikuwa mzito kuliko nilivyolipia. "Nimekuzidishia kidogo, dada. Mtu amenipa mgongo, nitampunjaje?"

Nilisimama mlangoni na mfuko ule, nisijue kama nimshukuru au nimrudishie.