Tamu Sana, Benta

Benta nimemjua tangu akikaanga samaki kando ya barabara pale mtaa wa Lucky Summer, na karai moja, jiko moja na mdomo usioogopa kanjo, wale askari wa jiji. Babake alikuwa mtu wa reli, na kwao hakuna mtoto aliyegusa chakula kabla mgeni hajanawa. Lile karai ndilo lililojenga hoteli yake: meza nne zenye vitambaa vya maua, pazia la lesi mlangoni, redio inayoimba chini chini. Ukikaa pale jioni unasahau kwamba nje kuna mtaro. Meza ya pembeni ilikuwa yetu marafiki zake kila Jumamosi, siku yake ya samaki: Ng'ang'a fundi wa viti, Jacky msusi, na mimi Waithera.

Kilichompa Benta jina ni pua. Sokoni, wauza samaki wakimwona kwa mbali walifunika beseni fulani haraka haraka. Hakuuliza bei kwanza. Aliinama, akanusa, akasonya, akaenda zake, na aliyesonywa na Benta siku hiyo wateja wengine pia walimpita.

Mimi nilihamia mtaa wa Donholm, na ukishahama, hata kwenu kunakuwa mbali. Nikapotea miezi. Jumamosi niliporudi, kilichonipokea mlangoni kabla ya Benta mwenyewe ni harufu. Na si harufu ya samaki. Samaki ananuka samaki, hilo mimi sina ugomvi nalo. Hii ilikuwa harufu ya kitu kilichokufa mara ya pili. Machozi yakanilengalenga, na nikajua leo kuna kazi.

"Waithera! Umetutupa kabisa!" Benta akanikumbatia. Ng'ang'a na Jacky walikuwa wamekwisha kaa, akatumiminia maji ya kunawa yeye mwenyewe, kisha akatuletea sahani zetu kabla ya meza nyingine yoyote, kama kawaida yake. Samaki mzima, amekaangwa vizuri, mchuzi wa nyanya unang'aa. Kwa macho, hakuna kosa. Nikamega. Nyama yake ilikuwa laini kama sabuni iliyolala majini, na uchachu wake ulinipanda hadi masikioni.

Nikawatazama wenzangu. Ng'ang'a alikuwa anakata matonge ya ugali makubwa kama ngumi, anaficha ndani kipande kidogo cha samaki, kisha anameza bila kutafuna. Jacky alikuwa na ufundi wake. Aliufungua mkoba mapajani na kumdondosha samaki vipande vipande ndani ya karatasi ya nailoni.

"Jacky, unafanya nini?" nikamnong'oneza.

"Nyamaza bana. Mimi hupelekea mbwa pale kwa stage ya matatu."

"Na wao wanakula?"

"Jumamosi iliyopita walinusa wakaenda."

Ng'ang'a akanikanyaga mguu. "Meza tu na ushushie na soda. Usituangushe."

Benta alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, anafuta mikono kwa leso, macho kwetu. "Iko aje leo?"

"Tamu sana, Benta!" wakaitikia wote wawili, wanatabasamu hadi meno ya nyuma. Na mimi, aibu yangu, kipande kikiwa bado kimekwama shavuni, nikasema, "Tamu." Ndiyo adabu tuliyofunzwa: mwenye nyumba akiuliza, chakula ni kitamu.

Benta akaitikia kwa kichwa, akaingia jikoni, na papo hapo sahani zikaanza kutoka kwenda meza nyingine. Moja ikawekwa mbele ya mama aliyempakata mtoto. Yule mama akakunja pua, akatutazama tunavyokula, kisha akachambua miiba kwa uangalifu, akapuliza, akakipeleka kipande kwenye mdomo wa mtoto.

Sijui niliinuka vipi. Najua nilikipiga kile kipande kikaruka hadi ukutani, mtoto akaangua kilio, na hoteli nzima ikanigeukia.

"Usimlishe! Huyu samaki ameoza!"

Benta hakubisha. Alinishika mkono akanivuta jikoni, uso wake umesawijika.

"Sema tena," akaniambia.

"Ameoza, Benta. Ananuka hadi barabarani. Wewe hunusi?"

"Sinusi," akasema. "Tangu niugue corona, sisikii harufu ya kitu. Sabuni, gesi, sisikii. Nakaanga Ijumaa jioni, stima ikipotea usiku friji inazima. Kwa macho naona samaki ni sawa. Kwa ulimi nasikia uchachu, nasema ni nyanya."

"Na ukanyamaza? Mficha maradhi kifo humuumbua!" Nilikuwa nimekasirika, nusura nimtingishe. "Karibu umuue mtoto wa watu!"

"Nani atakula kwa mpishi hana pua, Waithera? Lakini sikukaa tu hivyo." Akanionyesha kwa kidole mahali pale mlangoni alipokuwa amesimama. "Kila Jumamosi nawapakulia hawa wawili kwanza. Nasimama hapo nawaangalia. Nilijiambia, hawa ni watu wangu, kitu kikiharibika wataniambia. Wakisema tamu, ndio napakulia watu."

Ng'ang'a na Jacky walikuwa wametufuata, wamesimama kizingitini. Wamesikia yote.

"Hatukutaka kukuumiza roho," Ng'ang'a akasema.

"Tangu lini?" Benta akauliza.

Ni Jacky aliyejibu, kwa sauti ndogo: "Tangu Pasaka."

Na hapo tulikuwa tumekaribia Agosti. Benta akaiinua sufuria, akatoka nayo nje, akaimwaga yote. Mimi nikainama kando yake nikatapika, na sikutapika kwa ajili ya samaki peke yake. Niliyakumbuka yale meno ya wenzangu, na neno langu mwenyewe, nikaona kinyaa kuliko harufu yote ya mle ndani.

Hakutufukuza. Bado tunakwenda, meza ni ile ile, na samaki wake wamekuwa wazuri tena. Ila sahani ya kwanza haiji kwetu. Kibanda cha pili kuna Kilonzo, mchomelea vyuma, ambaye amegombana na Benta miaka nenda miaka rudi kwa ajili ya kelele na cheche, na hata salamu hawapeani. Benta humpelekea mwenyewe, anasimama mbele yake, amefunga mikono. Kilonzo ananusa, anatafuna polepole, anakunja uso.

"Chumvi imezidi," anasema. "Lakini ni mzima."

Ndipo Benta anarudi kupakulia watu. Sisi tunakuwa tumenawa, tunangoja. Zamu yetu ikifika anatuwekea sahani mezani na kwenda zake, wala yeye hatuulizi tena kama ni tamu.