Nyanya za Mwende

Nikiwasimulia hii msinicheke sana, maana hata leo nikiona redio kaseti masikio yananiwaka kwa aibu. Ilikuwa miaka ya themanini, nimetumwa kufundisha Kathonzweni, Ukambani, mimi Mtaita ambaye Kikamba changu kilikuwa cha kusalimia watu tu, na katika darasa langu la tatu kulikuwa na msichana mgeni, Mwende, ambaye kila nikimuuliza hesabu ananijibu kitu kisichoeleweka, kwa sauti ya chini, mpaka nikachoka nikamwita mama yake, nikamwambia mwaka ujao mtoto atarudia darasa. Mama Mwende hakubisha. Alisema tu, "Sawa, mwalimu," lakini alisimama pale mlangoni muda mrefu, kwa sababu baba yake Mwende alikuwa ameshasema akirudia, basi akae nyumbani achunge mbuzi.

Sasa, alikuja mshauri wa walimu akatuambia mwalimu asimlaumu mtoto kabla hajajichunguza mwenyewe: jirekodi ukifundisha, halafu ujisikilize. Nikaona hiyo ni kazi ndogo. Nikaazima redio kaseti ya pasta, nikaiweka kwenye dawati la mbele, la kina Mwende, nikafundisha vizuri kweli (hata sauti niliibadilisha, nikawa kama mtangazaji). Jioni nataka kusikiliza, mawe ya redio yamekwisha nguvu. Badala ya kununua mengine nikasema aa, nitasikiliza siku nyingine, nikamrudishia pasta redio yake, na kaseti yangu nikaisahau mle ndani.

Jumapili kwaya ilikuwa imealikwa Kilungu, na pasta akasema hata hivyo hatutakosa wimbo, tutawasikiliza kwa kaseti yao, akatia mawe mapya kwenye redio, akaisogeza kwenye kipaza sauti, akabonyeza. Mimi nimekaa kiti cha mbele na kitambaa kipya kichwani, nangoja kupiga makofi. Ikatoka sauti yangu.

"Nne mara mbili ni ngapi? Mwende?"

Kasauti kadogo kakajibu, "Nyanya."

"Nyanya? Nimeuliza hesabu, sijakutuma sokoni!"

Hapo darasa likasikika likicheka (na siku ile nilidhani wanamcheka Mwende), na kanisa nalo likaangua kicheko, wazee wa kanisa wanashika mbavu, pasta anatafuta pa kuizima redio haoni, na mimi huko ndani ya redio naendelea kumwambia mtoto wa watu asimame mpaka ajue hesabu. Nikatamani ardhi inimeze. Ndipo Mama Mwende akasimama kule nyuma, yeye peke yake hacheki, anajifuta macho kwa leso.

"Mwalimu," akasema, "kwetu nyanya ni nane."

Jamani, mtoto alikuwa anajua! Siku zote hizo alikuwa anajua, na wenzake hawangeweza kuniambia, kwa kuwa ni mimi mwenyewe niliyepiga marufuku Kikamba darasani, sasa nani angethubutu kunifafanulia? Nililia pale pale mbele ya watu, kitambaa kipya kikawa cha kupengea kamasi. Ibada ilipokwisha nikawafuata wazazi wake nje, nikawaomba msamaha, nikasema Mwende harudii darasa lolote. Babake, ambaye bado alikuwa anacheka, akasema basi mbuzi atawachunga yeye mwenyewe.

Jumatatu Mwende akaja na kiondo kutoka kwa mama yake, akapanga nyanya juu ya meza yangu moja moja, nyekundu, zimeoshwa, kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Mwalimu, ni ngapi?"

Nikazihesabu kwa kidole.

"Nyanya," nikasema.

"Vizuri," akasema Mwende. "Kaa chini."

Nikakaa. Na tangu siku hiyo simwambii mtoto amekosa kabla sijamuuliza kwao wanaitaje (na redio ya mtu siirudishi kabla sijaifungua nikaangalia ndani).