Kopo Moja, Chupa Mbili

Mzee Kitwana wa kijiji cha Kanga amefua nazi tangu ujana wake. Huishika nazi kwa mikono miwili, akaipiga kwenye ncha ya kifuo mara tatu, kumbi lote chini. Hasemi sana. Tangu mkewe Mwanasha afariki kwa kiharusi, mwaka wa tano sasa, hata maneno yake machache yamepungua.

Anaishi na binti yake, Mize. Mize ana neno moja lisilomwisha mdomoni: "Wale watu wa utafiti ndio waliomuua mama yangu." Hulisema akichota maji, hulisema akikuna nazi. Likisemwa, Kitwana huinama kwenye kifuo chake.

Mwezi wa Saba, Shani, binti wa Mize, alirudi likizo kutoka chuo cha udaktari Dar es Salaam.

"Shikamoo, mume wangu."

"Marahaba. Mwaka mzima umenitupa. Mke gani wewe?"

"Mke msomi. Nivumilie."

Akakaa barazani na kompyuta yake siku tatu. Siku ya nne Kitwana akamuuliza ni udaktari gani huo usio na sindano wala mgonjwa.

"Mimi sipimi watu, babu. Kuna kidonge cha nyongeza kwa wenye presha, kuzuia kiharusi. Kimejaribiwa nchi nyingi. Mimi natafuta tafiti zote zilizofanywa, hata zile zilizosahauliwa. Nazichuja. Zinazobaki naziunganisha, zitoe jibu moja."

"Kwa nini usichukue moja iliyo nzuri?"

"Moja hudanganya. Zikiwa nyingi, uwongo wa moja unaonekana. Njoo uone."

Kwenye kioo palikuwa na mstari uliosimama katikati, na vimistari kumi na tisa vilivyolala. Kumi na nane vilikuwa upande wa kushoto.

"Hivi vyote vinasema dawa inasaidia. Hiki kimoja kimekaa katikati. Kinasema waliomeza dawa na waliomeza vidonge vitupu walikuwa sawasawa." Akakigusa kwa kidole. "Ni cha hapa, babu. Ni ule utafiti wenu. Mwalimu wangu ananiuliza kwa nini uko peke yake, nami sina la kumjibu. Nyinyi mlikuwa mnameza kweli?"

"Kila siku," akasema Kitwana.

Hakusema uwongo. Akarudi kwenye kifuo. Nazi ya kwanza ikamponyoka.

Utafiti ule ulifika Kanga miaka sita iliyopita. Kitwana na Mwanasha wote walikuwa na presha, wote wakaingia. Kila mmoja alipewa chupa yenye namba yake. Waliambiwa wazi: chupa nyingine zina dawa, nyingine hazina kitu, vidonge vinafanana, hata muuguzi hajui ipi ni ipi. Kila mtu ameze vya chupa yake.

Walipofika nyumbani Kitwana alizimimina chupa zote mbili ndani ya kopo la maziwa, akalitikisa.

"Tumekatazwa," Mwanasha alisema.

"Miaka arobaini tunakula sinia moja. Leo nimeze dawa, wewe umeze chokaa?"

"Hii si hiyana, Kitwana?"

"Hiyana ni mimi kupona wewe usipone."

Mwanasha alicheka. Kila siku wakachota kimoja kimoja. Siku ya kliniki walivihesabu, wakavirudisha nusu kwa nusu kwenye chupa, muuguzi akahesabu naye, akaona hesabu imekaa sawa. Na hawakuwa peke yao. Wake wa Kanga walipokutana kisimani walifundishana, na makopo yakawa mengi. Kabla mwaka haujatimia, Mwanasha akaanguka jikoni na mwiko mkononi.

Muuguzi alipokuja kudai vidonge, Kitwana alimwambia vimepotea kwenye msiba.

Sasa akaosha mikono, akaingia ndani, akatoka na kopo. Akalimimina juu ya mkeka mbele ya Shani. Vidonge vikatawanyika, vyeupe vyote.

"Tulichanganya," akasema. "Mimi ndiye niliyechanganya. Na nyumba nyingine pia."

Shani hakufanya utani tena. Alikiokota kimoja, akakigeuza, akakirudisha. "Kumbe pande zote mbili zilimeza dawa na vitupu kwa pamoja, ndiyo maana mko katikati."

"Chupa ya bibi yako ilikuwa ya dawa?" Kitwana akauliza.

"Orodha ipo. Naweza kuulizia. Lakini orodha itasema alipewa nini, babu. Haitasema alimeza nini."

"Hivi hapa?"

"Hivi vinaweza kupimwa. Alivyomeza yeye, hakuna wa kuvijua."

Kitwana akatikisa kichwa. "Basi utoe huo utafiti wetu. Umeoza."

"Siwezi. Masharti ya kutoa na kuacha yaliandikwa kabla sijaanza, nisije nikachagua ninavyopenda. Mazungumzo ya barazani hayamo. Nitawaandikia walioufanya. Wakikubali, wataandika kwamba baadhi ya watu walichanganya."

"Andika ni mimi."

"Jina haliandikwi, babu. La mtu yeyote."

"Nami nataka liandikwe."

Hapo ndipo Kitwana alipogundua kwamba Mize amesimama mlangoni na bakuli la uji. Alikuwa amesikia. Kitwana alingoja apige kelele. Alizitaka hizo kelele, kama mtu aliyefungiwa chumbani anavyotaka abishiwe hodi.

Mize aliweka uji chini. Akapiga magoti, akaokota vidonge kimoja kimoja, akavitia koponi, akabana kifuniko. Akalipeleka ndani, akalirudisha palepale lilipokuwa.

"Uji utapoa, baba," akasema.

Shani aliandika barua yake, akarudi chuoni. Majibu hayajafika. Kitwana anafua nazi. Mize anachota maji, anakuna nazi, na lile neno lake la watu wa utafiti halisemi tena. Kitwana huacha kufua, akasikiliza, akitamani aliseme.