Ndege Niliyempulizia

Nilipokuwa mtoto kisiwani Chovai, kusini ya Kismayu, nyumbani kwetu hapakuwa na kitu chenye macho isipokuwa watu, kuku na paka mmoja. Watoto wa matambara aliochezea mdogo wangu Zuhura hawakuwa na nyuso. Bibi, mamake mama, ndiye aliyewashona, na kila alipofika kichwani aliacha kitambaa kitupu. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwa Kibajuni chetu, akiwa bado anaitazama sindano: "Kichu chenye macho huomba roho, mwanangu. Na roho haiuzwi dukani. Hutoka kwa mchu wa nyumba iyo iyo."

Naandika haya nikiwa mwalimu wa kemia mjini Mombasa, na mgane wa miezi saba. Nimezoea kuandika mambo kwa mpangilio: kilichotiwa, kilichotokea, kilichobaki. Nitajaribu.

Zuhura alikuwa na miaka mitano, mimi minane. Alishikwa na homa, na siku ya tatu akaanza kukakamaa na kugeuza macho. Lilikuwa degedege. Wakati ule tuliamini kwamba maradhi hayo huletwa na ndege asiyeonekana, anayepita juu ya mapaa, na mtoto aangukiwaye na kivuli chake hukaliwa naye kifuani. Kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa wa namna hiyo ilikuwa na miiko yake. Kuku wetu walihamishiwa kwa jirani. Ua lilifagiliwa hata unyoya mmoja usibaki. Hakuna aliyepiga mluzi, na hakuna aliyetaja ndege.

Bibi alinishika sikio mlangoni. "Ukimtaja umemwita. Ukimwita atakaa. Wasikia, wewe mwenye mdomo kama kasuku?"

Mara akatambua alichokisema. Alijiziba mdomo kwa mtandio, akatema mate kushotoni mara tatu. Mama alikuwa amempakata Zuhura, na hakuwa amelala siku mbili, lakini alicheka. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu ndicho cha mwisho nilichokisikia kwake kwa muda mrefu sana.

Baba alikuwa Kismayu na mashua ya mashine, amekwenda kuuza papa mkavu. Alitumiwa habari arudi na dawa. Wakati tunamngoja, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani aliandika kombe, yaani aya za kunywewa, kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa maji ya waridi, na Zuhura akanywa vijiko viwili. Cha tatu kilimwagika kidevuni.

Ni mwalimu huyo huyo ambaye juma lile lile alikuwa ametusimulia habari za Nabii Isa, mwana wa Maryamu. Alituambia kuwa Isa alifinyanga ndege kwa udongo, akampulizia, na yule ndege akaruka. Alituambia aliponya vipofu na wakoma, na wafu waliinuka alipowaita.

"Kwa idhini ya nani?" aliuliza mwalimu, na bakora yake ikagonga mkeka.

"Ya Mungu!" tulipiga kelele.

Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, na sisi tukipuliza?"

"Wewe ukipuliza utatoa mate."

Chuo kizima kilicheka. Mimi nilikuwa nikifikiri. Nilifikiri hivi: ndege aliyemkalia Zuhura hana mwili, ndiyo maana hafukuziki. Akipewa mwili wa udongo, na akapuliziwa kama Isa alivyofanya, ataruka aende zake. Nilikuwa na hakika na hesabu hiyo kuliko hesabu nyingi nilizofanya baadaye.

Nyuma ya jiko kulikuwa na udongo mwekundu ulioletwa kutoka bara kwa ajili ya kukandika ukuta. Ilikuwa adhuhuri na wote walikuwa ndani. Nilifinyanga kiwiliwili, mkia, mabawa mawili. Nikaona kwamba bila macho ndege hataiona njia ya kutoka kisiwani, basi nikamtia punje mbili za choroko. Nilisema bismillahi, nikapuliza. Hakutikisika. Nilimwomba Mungu idhini kwa sauti, nikapuliza tena, na tena. Mara ya nne, kabla sijamaliza pumzi, nilimsikia mama akilia ndani.

Bibi alitoka kuteka maji. Alinikuta nimemshika ndege wangu mapajani, choroko zake zikimtazama. Hakunipiga.

"Umemwita," alisema.

Alimchukua, akamponda kiganjani, akaenda kumtupa baharini. Hakumwambia mtu yeyote, hata mama. Nilipokuwa mkubwa nilielewa kwamba alikuwa akinilinda. Lakini neno lile lilikuwa limekwisha kuniingia, na hakurudi tena kulitoa. Baba alifika kesho yake na vidonge ndani ya kikopo. Alisimama mlangoni, kikopo mkononi, asijue ampe nani.

Najua leo kilichomuua Zuhura. Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani, na dawa ilikuwa umbali wa safari ya siku moja. Nimelijua hilo tangu mwaka wangu wa pili wa chuo kikuu. Nililisoma maktabani, nikafunga kitabu, nikabaki nimekaa pale pale. Elimu ilifika kila mahali kichwani mwangu isipokuwa pale lilipokaa neno la bibi.

Vita vilituondoa Chovai. Bibi alifia kambini, upande wa Kenya, na sikupata kumuuliza. Nilisoma, nikaajiriwa, nikamwoa Wakesho, Mtaita, Mkristo, mwalimu wa shule ya msingi. Kwao walinung'unika na kwetu walinung'unika, kisha wote wakachoka. Akifurahi aliniita Mbajuni. Akikasirika aliniita Mwalimu.

Juu ya Isa tulibishana kwa adabu miaka ishirini na miwili. Nilipomsimulia jinsi Nabii alivyorusha ndege wa udongo, alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Huyo ndege sisi hatunaye, Mbajuni. Sisi tuliachiwa mikate na samaki."

Nilimweleza kwamba kwetu yeye ni mtume mkubwa, na kwamba hakufa msalabani, Mungu alimwinua.

"Basi kwangu alikufa," alisema. "Mtu asiyewahi kufa atanisaidia nini siku yangu?"

Niliyachukulia maneno hayo kama hoja, na hata nikaandaa jibu.

Mwaka jana ini lake liligunduliwa kuwa na uvimbe usioweza kukatwa. Alipolazwa, kila jioni akina mama wa kanisa lake walikuja kumwimbia, naye aliimba nao kwa midomo tu. Siku moja, baada ya wao kuondoka, nilishindwa kujizuia. Nilimwambia, "Huyo Yesu wako aliponya watu asiowajua, waliokutana naye njiani tu. Wewe umemwimbia tangu ukiwa mtoto. Anangoja nini?"

"Mwalimu," alisema, "unamgombeza Yesu au unamgombeza mgonjwa?"

Aliniomba nimwinulie mto, kisha akasema polepole, akipumzika kati ya maneno. "Simfuati kwa sababu ya kuponya. Aliowaponya wote walikufa baadaye, si ndiyo? Yeye mwenyewe aliogopa. Aliomba aepushwe kifo, akanyimwa, na bado akamwita Mungu Baba. Mimi usiku naogopa sana. Mbele ya watu wote najikaza, hata mbele yako. Mbele yake sioni haya."

Hapo ndipo nilipomwambia habari za Zuhura. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilimwambia kila kitu, udongo, choroko, pumzi nne na neno moja la bibi, kwa sauti ile ninayotumia kusoma matokeo ya maabara. Nikamwambia pia lile baya zaidi: kwamba tangu daktari alipotupa majibu nilikuwa nikijiuliza kama ni mimi tena, kama kuna kitu nilichokiita.

Akauliza, "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Minane."

"Na ulitaka nini?"

"Apone."

"Basi ulikuwa ukimwombea, Mbajuni wangu. Ukaomba kwa mikono, kama watoto wanavyoomba. Ukanyimwa. Kunyimwa si kuua." Akavuta pumzi. "Na sisi tunanyimwa sasa. Utaniambia nimejiua?"

Nililia kama nisivyopata kulia kule nyuma ya jiko, na yeye, mwenye maumivu, ndiye aliyenishika mkono. Muuguzi alichungulia, akadhani mgonjwa amekwisha. "Bado," Wakesho alimwambia. "Ni huyu tu."

Alifariki siku kumi na moja baadaye, saa nne asubuhi. Ndugu zake walimzika Taita, kwenye mteremko nyuma ya nyumba ya baba yake, na waliimba mpaka kaburi likajaa. Mimi nilisimama pembeni nikamwombea kwa namna yangu. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Bado ninaswali swala tano. Sijaamini alichokiamini mke wangu, na hakuwahi kunitaka nijifanye. Lakini kwa miaka mingi nilidhani watu wake wanampenda Isa kwa sababu niliyompenda mimi nikiwa na miaka minane, kwamba anaweza kutengeneza kilichoharibika. Nilikuwa nimekosea. Kwa Wakesho alikuwa yule aliyenyimwa kabla yake, ambaye kwa hiyo angeweza kuambiwa lolote. Na ndiyo maana, nadhani, aliweza kunisikiliza bila kushtuka. Alikuwa amezoea kuona hofu ikipokelewa.

Siku hizi ninaogopa mambo madogo: barua, simu ikilia mapema, kukata nyanya nyingi kupita chakula cha mtu mmoja. Hofu hizo sina pa kuzipeleka. Yeye alikuwa na Yesu wake wa kumwambia. Mimi nilikuwa na yeye.