Kamongo Niliyempandisha Mlima Mtakatifu

Chekeni sasa mmalize kabisa, ili nikifika pale penye aibu mninyamazie.

Miaka ile ya sitini nilikuwa dereva wa Bwana Sato, Mjapani aliyenunua pamba huku kwetu Malaba (Kiswahili chake kilikuwa kibovu kuliko changu, na mimi shule niliacha darasa la pili kwa sababu ya ng'ombe, lakini hiyo ni habari nyingine). Mama yake alikuwa amefariki, mwaka unakaribia kutimia, akaniambia, "Barasa, twende wote. Mlima mrefu, mimi nataka mtu nguvu." Kwao iko milima mitakatifu, watu wanapanda kwa miguu siku tatu, nguo nyeupe na fimbo, mpaka hekalu la juu, na huko mapadri wao wangesoma jina la marehemu alfajiri.

Mama yangu kule Mundika, Busia, akasema, "Unaenda matangani mikono mitupu? Umezaliwa na nani wewe?" Akanifungia kamongo mzima, samaki amekaushwa kwa moshi mpaka amekuwa kama gogo. Kwenye meli Bwana Sato akanusa, akauliza, nikasema ni viatu.

Tulipanda na mvua, ngazi za mawe zina ukungu, magoti yanalia, lakini nikasema huyu kamongo atafika.

Alfajiri nikaona mbele ya madhabahu matunda, wali, hata chai. Kumbe na hawa wanapeleka chakula! Nikaweka kamongo katikati. Sala ikaanza, ubani ukashindwa na harufu, padri mmoja akainuka, pua ndani ya kanzu, akambeba samaki wangu mbio. Busia ikanipanda kichwani.

"Mwizi! Shika mwizi!"

Nikamrukia, tukaangukia matunda wote wawili, kamongo akateleza mpaka magotini pa padri mkuu. 

Bwana Sato, mtu aliyeogopwa Malaba nzima, akaweka paji la uso sakafuni kwa ajili yangu. Akaninong'oneza bila kuniangalia, "Hapa watu hapana kula samaki, hapana nyama. Jina ya mama bado kusoma."

Hiyo ndiyo ilinichoma. Nikamchukua kamongo, nikateremka mpaka mtoni, nikamzika, nikaoga maji yanayokata kama kisu, nikapanda tena ngazi zote, nikapiga magoti langoni. Wakanifukuza, sikutoka. Jioni padri mkuu mwenyewe akaja na Bwana Sato kuuliza nataka nini.

"Mwambie, Bwana," nikasema, "kosa ni langu, si la mama yako. Wasome jina, mimi nitakaa nje."

Mzee akanitazama sana, kisha akanionyesha kona ya nyuma kabisa. Jina likasomwa. Bwana Sato akalia, mimi nikakalia mikono yangu isije ikafanya jambo lingine.

Tangu hapo, kwa watu nisiowajua, siweki kitu chini kabla sijauliza, hata nikionekana mjinga. Ujinga wa kuuliza unaisha palepale, lakini ule mwingine unaupandia mlima mara mbili.